Mwalimu Bado, Aliyewaketisha Wazazi Kwenye Madawati ya Watoto

Ndugu waombolezaji, walimu, majirani, na ninyi nyote mliowahi kusimama mbele ya mwalimu huyu mkiwa na kitabu mkononi, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba uvumilivu, kwa sababu historia hii ni ndefu kidogo kuliko tulivyozoea kusikia mahali kama hapa, na sehemu yake moja imeongezwa kwa ombi la mdogo wa marehemu, aliyetaka isomwe hadharani, yeye mwenyewe akiwepo.

Marehemu, ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwita kwa jina lingine ila Mwalimu Bado, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu wa baba aliyekuwa seremala na mama aliyekuwa mpishi wa bweni la shule ya wasichana. Kitambulisho chake kinasema 1962, na karatasi zake zote za kazi zinafuata kitambulisho, lakini shangazi yake aliyekuwepo siku ya uzazi alishikilia hadi mwisho kwamba ni 1961, kwa kuwa ndio mwaka upepo ulipoezua paa la karakana ya baba, na familia imeamua kumfuata shangazi. Baada yake alizaliwa mdogo wake wa kike, ambaye katika historia hii tutamwita dada wa kati, na mwaka 1970 akazaliwa kitinda mimba, mtoto wa kiume, ambaye mnamfahamu kama Fundi kwa sababu ya kazi yake ya kutengeneza majokofu.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza mwaka 1974, akaendelea na sekondari kuanzia 1975 hadi 1978. Mama yao alifariki Julai 1975, Fundi akiwa na miaka mitano, na kuanzia hapo aliyempigia mswaki, aliyemvalisha na aliyemtoa tongotongo ni dada yake, ambaye wakati huo naye alikuwa bado msichana wa miaka kumi na minne. Alimfundisha kusoma katika karakana ya baba, kwa chaki ya seremala, juu ya mbao zilizokuwa zikisubiri kurandwa, na baba alilalamika kwamba binti yake anamchafulia kazi, ingawa hakuwahi kuificha ile chaki. Kuna mteja aliyepelekewa kabati akakuta herufi za M hadi P nyuma ya mlango, akacheka mpaka akashika kiuno, akakataa zisifutwe. Fundi alijua kusoma kabla hajafikisha umri wa kwenda shule, na marehemu alipenda kusema kwamba huyo ndiye mwanafunzi wake wa kwanza, na ndiye pekee aliyemfundisha bila kulipwa na bila kuchoka.

Alipomaliza sekondari alikaa nyumbani miaka miwili kumsaidia baba, kisha akajiunga na chuo cha ualimu mwaka 1981, akahitimu mwishoni mwa 1982 na kuajiriwa Januari 1983 katika shule ya msingi yenye vyumba sita na mti mmoja uani, ambako alipewa darasa la pili. Ni huko alikolipata jina lake. Fomu ya ripoti ya muhula wa kwanza ilikuwa na nafasi mbili tu mbele ya kila somo, amefaulu na ameshindwa, na mwalimu huyu mgeni aliikata ile ya pili kwa mstari mmoja, akaandika juu yake neno bado, kwa kila mtoto aliyestahili. Mwalimu mkuu alimwita ofisini, akaziweka zile fomu mezani kama mtu anayeweka ushahidi, akamuuliza, "Mwalimu, hii bado ni alama gani?" Akajibu, "Ni alama ya mtoto wa miaka saba, Mkuu." Mwalimu mkuu alimtazama sana, akamwambia aende darasani, na kufikia saa ya mapumziko shule nzima ilikuwa ikimwita Mwalimu Bado, walimu kwa kumtania, watoto kwa kuamini kwamba ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Mwaka 1991 alihamishiwa shule ya pili, ile iliyo nyuma ya kiwanda cha nyuzi, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka alipostaafu. Inafaa tueleze alivyofanya kazi, kwa sababu vijana wengi waliopo hapa hawakuiona. Nyuma ya mlango wa darasa lake aliweka meza ndogo na viti viwili, na kila wiki kila mtoto alikwenda pale peke yake kumsomea, wenzake wakiandika, hata kama ni mstari mmoja tu. Alipokuwa akisikiliza hakutazama mdomo wa mtoto, alitazama macho, kwa maana mdomo, alivyokuwa akiwaambia walimu wanafunzi waliokuja kujifunza kwake, unaweza kukariri, lakini macho lazima yasafiri juu ya neno. Akiona macho yamesimama na mdomo unaendelea, alijua kuna kazi.

Mwisho wa muhula hakumpa mtoto ripoti aibebe nyumbani. Aliita wazazi, mmoja mmoja, siku ya Ijumaa, na kila mzazi aliketi kwenye dawati la mwanawe, mahali pale pale, mtoto akisimama pembeni. Walikuja wauza mboga, wahasibu, walinzi wakitoka zamu na usingizi machoni, na wote waliketi, magoti yakigusa kidevu. Dereva mmoja wa lori, mtu wa miraba minne, alijikunja pale akauliza, "Mwalimu, hapa unanifundisha au unanifunga?" naye akamjibu, "Nakuonyesha dirisha analochungulia mwanao akichoka, baba. Angalia, si pazuri?" Dereva akaangalia, akasema kweli ni pazuri, hata yeye angechungulia.

Kisha aliwaambia kwa mpangilio ambao hakuuvunja. Alianza na kile mtoto anachokiweza leo ambacho muhula uliopita hakukiweza, akaenda kwenye kile ambacho bado, akamalizia na jambo la kufanya nyumbani, moja tu, si mawili. Huyu asome vibao vya barabarani akiwa na baba yake kwenye lori, yule ahesabu nyanya anapompangia mama yake mafungu. Nafasi ya mtoto darasani hakuitaja kamwe. Mzazi akimbana, "Lakini amekuwa wa ngapi, Mwalimu?" alijibu, "Amekuwa wako. Mimi nakueleza alipofika." Na kulikuwa na neno moja ambalo alilikataza kabisa kwa walimu wenzake wanaotoa taarifa kwa wazazi, nalo ni vizuri, kwa sababu, alisema, mzazi akiambiwa mtoto anaendelea vizuri anaondoka mikono mitupu, hajaambiwa kitu.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986 na mpiga chapa aliyekuwa akichapa fomu za ripoti za shule kadhaa, ikiwemo yake, na aliyemfuata shuleni kumuuliza ni mwalimu gani huyo anayekatakata kazi za watu. Alikuwa mume mpole, wa maneno machache, mwenye wino kwenye kucha hata siku ya harusi. Katika ndoa yao hawakujaliwa kupata mtoto. Mume wake alifariki tarehe 19 Agosti 1999 kwa ugonjwa wa mapafu, na marehemu akabaki katika nyumba yao ya vyumba viwili, akiwa na redio, viti vinne, na wino uliokuwa haujatoka kwenye taulo moja ambalo hakutaka kulitupa. Dada wa kati alikuwa ameolewa mbali. Majirani wa wakati huo wanasema kwamba Jumatatu asubuhi sauti ya Mwalimu ilikuwa ikitoka imekauka, akakohoa kwanza ndipo asalimie, kwa kuwa tangu Ijumaa hakuwa amezungumza na mtu.

Aliyemtoa katika ukimya ule ni Fundi, ambaye nyumba yake ilikuwa mtaa wa pili. Fundi na mkewe walipata binti mwaka 2001, mtoto wao wa pekee, na binti huyo alijifunza kutembea kati ya viti vile vinne. Kila Jumapili marehemu alikula kwa kaka mtu, maana ndivyo alivyopenda kumwita mdogo wake kwa utani, na wifi yake alimtengea sahani bila kuuliza kama anakuja. Kwa miaka ile tunaweza kusema, bila kutia chumvi, kwamba mwalimu huyu alikuwa na kwake.

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo Fundi ameomba isomwe.

Binti alianza darasa la kwanza mwaka 2008 katika shule ya shangazi yake, kwa mwalimu mwingine, na Januari 2009 akaingia darasa la pili, darasa la shangazi. Nyumbani alikuwa akionekana msomaji hodari. Baba yake alikuwa amemnunulia kitabu cha hadithi chenye picha, cha kuku aliyekwenda kutafuta kiatu, na kila mgeni aliyefika alisomewa kitabu hicho tangu jalada la mbele hadi la nyuma. Fundi alikuwa akiacha bisibisi, akaegemea mlango, akatabasamu. Lakini kwenye meza ya nyuma ya mlango shangazi aliyaona macho. Yalikuwa yamesimama. Mtoto alikuwa ameshika kitabu kizima kichwani kama wimbo, akijua picha ipi inataka maneno yapi, wala hakuwa akitambua hata silabi. Marehemu alimjaribu taratibu, kwa wiki kadhaa, na akaamua kwamba anatakiwa kurudi darasa la kwanza aanze upya, na kwamba baba yake ataambiwa kama mzazi mwingine yeyote, Ijumaa ya tarehe 3 Aprili, kwenye dawati, kwa mpangilio.

Jumapili iliyotangulia, tarehe 29 Machi, wakwe wa Fundi walikuwa wamekuja kumtembelea kwa mara ya kwanza tangu ajenge nyumba yake. Baba mkwe alikuwa karani wa mahakama aliyestaafu, mtu wa kupima watu kwa jicho moja, na wote mnajua kwamba hakuwahi kulimeza vizuri jambo la binti yake kuolewa na mtu wa spana. Baada ya chakula Fundi akamwita mtoto, "Njoo umsomee babu." Mtoto akasimama katikati ya sebule, akasoma kitabu chote, akigeuza kurasa pale pale panapotakiwa, na babu alipiga makofi, akasema, "Huyu kichwa amekitoa kwetu," watu wakacheka, na Fundi akacheka kuliko wote.

Marehemu alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Angeweza kunyamaza. Zilikuwa zimebaki siku chache tu kufika Ijumaa, na kunyamaza mpaka siku yake ndiyo ilikuwa kazi yake, kazi aliyoifanya kwa mamia ya wazazi wasiomhusu ndewe wala sikio. Lakini huyu alikuwa ni mdogo wake, na alimwona akijenga furaha juu ya kitu ambacho yeye alijua hakipo, na ulimi haukumtulia. Alinyoosha mkono, akakifunga kile kitabu, akakifungua katikati, akaifunika picha kwa kiganja, akamwambia mtoto kwa sauti ile ile ya darasani, "Nisomee hapa, mama." Mtoto akatazama kiganja. Akamtazama baba yake. Akaanza kusema maneno ya ukurasa wa kwanza, akakatisha, na mkojo ukamtoka pale pale aliposimama, mbele ya babu yake.

Marehemu alisema, "Hajui kusoma. Amekariri. Anatakiwa arudi darasa la kwanza." Hayo tu. Hakuanza na kile anachokiweza, na alikuwa nacho, kwa maana mtoto anayeshika kitabu kizima kichwani ana akili ya ajabu, na hilo alikuwa amepanga kulisema kwanza siku ya Ijumaa.

Wakwe waliaga mapema. Baba mkwe mlangoni alimshika Fundi bega akasema, "Usijali, mwanangu, si wote wanazaliwa kwa ajili ya vitabu," na alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomaliza kila kitu. Walipoondoka Fundi alimgeukia dada yake, akamwambia, "Umenivua nguo, Dada. Mbele ya wakwe zangu, ndani ya nyumba yangu, umenivua nguo na mtoto wangu." Akajibu kwamba alikuwa amepanga kumwambia Ijumaa. "Si ungesubiri hiyo Ijumaa!" Fundi akasema, "Mama wa mtoto wa jirani unamwekea kiti, unambembeleza, mimi ndiye wa kutupiwa kama makombo? Toka, tafadhali." Alisema tafadhali, na hilo pia ameomba lisomwe.

Ijumaa ile marehemu alisubiri mpaka mhudumu akaja kufunga madirisha, na dawati moja halikukaliwa. Muhula uliofuata binti hakurudi shuleni pale, alikuwa amehamishiwa shule nyingine. Marehemu alikwenda kwa mdogo wake mara mbili, na mara zote mbili wifi yake alitoka nje, akaurudisha mlango nyuma yake, akamwambia kwa sauti ya chini, "Wifi, mwache kwanza apoe." Hakupoa. Marehemu alipopita mbele ya karakana ya mdogo wake akielekea shuleni, Fundi aliingiza kichwa ndani ya jokofu alilokuwa akilitengeneza, akabaki humo mpaka dada yake apite, na vijana wa jirani walikuwa wakicheka, wasijue wanacheka nini. Alipokutana na wifi yake sokoni alimuuliza habari za mtoto, amefika wapi, anasoma darasa la ngapi, anatambua silabi, na wifi, ambaye alikuwa amekatazwa kusema, alijibu kila mara neno lile lile, kwamba anaendelea vizuri. Dada wa kati anasema marehemu alimsimulia hili kwenye simu, akacheka kidogo, kisha akasema, "Anaendelea vizuri. Nimerudi nyumbani na hilo."

Mwaka 2014 Fundi na familia yake walihamia upande mwingine wa mji, na marehemu hakuwaona hata kwa mbali.

Shuleni nako mambo yalibadilika. Kuanzia 2016 alama za watoto zilianza kutumwa kwa ujumbe wa simu, na nafasi ya mtoto darasani mbele kabisa, na wazazi wakaacha kuja, jambo ambalo kwalo hatumlaumu mtu, maana kazi ni nyingi na simu iko mfukoni. Mwalimu msaidizi alimwambia marehemu, kwa nia njema, "Dada, umri huu jipumzishe, ujumbe unafika bila wewe." Lakini kila Ijumaa ya mwisho wa muhula aliacha mlango wazi na kuketi kwenye meza yake mpaka jioni. Siku nyingine alikuja mtu mmoja. Alikuwepo bibi aliyekuwa akilea mjukuu, ambaye aliingia mara ya kwanza akiwa ameinua simu juu kama mtu anayetafuta mtandao, akasema, "Mwalimu, hii simu inasema mjukuu wangu ni wa thelathini na nane. Wa thelathini na nane katika nini?" Marehemu alimketisha kwenye dawati, akamweleza mjukuu anachokiweza, na bibi akasema, "Kumbe ni mtu!" Wawili hao walikaa wakizungumza mpaka darasa likafagiliwa miguuni mwao. Bibi yule yupo hapa leo, na familia inamtambua.

Marehemu alistaafu tarehe 14 Machi 2022. Baada ya hapo alikaa nyumbani, akilima kijishamba chake cha mboga mbele ya dirisha, akiwasalimu watoto waliopita na mabegi, akiwauliza wamefika ukurasa wa ngapi, nao wakijibu huku wakikimbia. Siku za mvua, watoto walipopita njia nyingine, hakumsalimu mtu.

Kuhusu maradhi, mwezi Novemba 2023 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi anapopanda ngazi, na vipimo vikaonyesha kwamba moyo umepanuka. Alitibiwa akiwa nyumbani mpaka tarehe 27 Mei 2024, alipolazwa. Dada wa kati alikuja kumuuguza, na alimpigia Fundi simu mara tatu, ya kwanza hakupokea, ya pili alisema amesikia, ya tatu hakusema kitu lakini hakukata.

Fundi alifika wodini Jumapili, tarehe 9 Juni, saa ya kuona wagonjwa. Alisimama mlangoni. Pale kwenye kona, nyuma ya kitanda cha dada yake, kulikuwa na jokofu dogo la dawa lililokuwa likitetemeka na kunguruma, na Fundi, badala ya kusalimia, alimuuliza muuguzi kama anaruhusiwa kuliangalia. Wauguzi walishukuru, wakahamishia dawa kwenye wodi ya pili, naye akapiga magoti, akampa dada yake kisogo, akalifungua, na muda wote wa kuona wagonjwa ukaisha hivyo, yeye akifungua skrubu, dada yake amelala ubavu akimtazama mgongo. Kengele ilipolia akasimama akajifuta mikono. Marehemu akamuuliza, "Limepona?" Akajibu, "Ilikuwa gesi tu." Akaondoka. Dada wa kati, aliyekuwepo, anasema alitaka kuwachapa wote wawili.

Jumatatu alirudi, hana mkoba wa vifaa. Aliketi kwenye kigoda cha wageni, kile kifupi, magoti juu. Marehemu akamuuliza, "Mtoto anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri," Fundi akasema.

"Vizuri si habari, Fundi."

Akasogeza kigoda karibu na kitanda. Kisha akasema, "Nilimrudisha darasa la kwanza, Dada. Muhula uliofuata tu. Nilimpeleka shule ya mbali ili asichekwe, nikamwanzisha upya."

Marehemu akamuuliza nani alimshauri, na Fundi akasema, "Nani tena? Wewe." Akaeleza kwamba binti alipofika miaka kumi alikuwa akisoma mwenyewe, polepole, na kwamba hadi leo anaposoma hutembeza kidole chini ya mstari, na kwamba sasa yuko mwaka wa mwisho chuo cha ufundi wa umeme, katika mji mwingine, na michoro yote ya nyaya anaishika kichwani baada ya kuiona mara moja. Marehemu alisikiliza, akauliza maswali ya kitaalamu, ilikuwaje kwenye silabi za herufi tatu, nani alimfundisha, walitumia kitabu gani, kisha akauliza lile lingine, "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuja," Fundi akasema. "Mwaka wa kwanza nilikuwa na hasira. Mwaka wa pili nilikuwa na aibu. Halafu kila mwaka ulivyoongezeka nikaona nitaanzaje. Ningekuja kusema nini, kwamba ulikuwa sahihi na bado nimekufukuza?"

Hapo marehemu alicheka, akacheka mpaka akakosa pumzi, na muuguzi akaja mbio kumwinua. Alipotulia aligeukia ukutani, na Fundi aliona mabega yakitikisika, hakujua kama ni kicheko kile kile au ni kitu kingine, na hakuuliza, akabaki kwenye kigoda mpaka kengele ilipolia. Miaka kumi na mitano, ndugu zangu, si kitu cha kurudishwa kwa saa moja ya kuona wagonjwa, na familia haitaki kuwadanganya kwamba ilirudishwa.

Jumanne Fundi alimwambia kwamba binti anamaliza mitihani Ijumaa na Jumamosi atakuja. Jumatano marehemu alimwomba dada wa kati amsuke nywele, akalalamika kwamba zimekaa kama za mtu aliyefukuzwa, na dada wa kati akamsuka, mistari minane ya kurudi nyuma, akisimama mara kwa mara ili mgonjwa apumue. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 13 Juni 2024, moyo wake ulisimama, na madaktari wakashindwa kuurejesha. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu, kwa hesabu ya shangazi yake.

Fundi ameomba tuseme kwa niaba yake, kwa kuwa amejaribu kusema mwenyewe tangu juzi na sauti haimtoki, kwamba alichoambiwa siku ile kilikuwa kweli, kwamba alikifuata, kwamba mtoto wake anasoma kwa sababu hiyo, na kwamba alimnyima dada yake habari ambayo dada yake hakuwahi kumnyima mzazi yeyote. Anaomba radhi kwa marehemu, na anaomba radhi kwa mkewe, aliyemtuma kusema uongo sokoni.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake waliomhudumia kwa siku zake zote za mwisho, kwa majirani waliomwagilia mboga zake alipokuwa hospitalini, kwa walimu wenzake wa shule zote mbili, hasa mwalimu msaidizi aliyekuja na gari lake kuuchukua mwili, kwa wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi waliosimamisha mashine msafara ulipopita, na kwa wazazi wote waliokubali kukunja magoti kwenye madawati yale. Hatuwezi kuwataja nyote, mtusamehe.

Binti wa Fundi alishuka kutoka kwenye basi jana asubuhi, Jumamosi, kama baba yake alivyoahidi. Hakuwa amezungumza na shangazi yake tangu akiwa na miaka minane, na ametuomba ruhusa, nasi tumempa, awe wa kwanza kutia udongo, peke yake, kabla sisi wengine hatujasogea. Tunawaomba mumpishe njia.

Shangazi, dada, Mwalimu, umeshatufikishia yote uliyopaswa kutufikishia. Pumzika sasa, na amani ikae nawe.